Breki za Baiskeli ya Mbio Eastlands: Gramu Zipunguze Kwingine

Saa kumi na mbili unusu asubuhi Barabara ya Jogoo, mashariki mwa Nairobi, huwa imeshajaa. Kuanzia Donholm hadi City Stadium, waendesha baiskeli kutoka Kayole, Umoja na Buruburu hujipenyeza ukingoni mwa lami, wengi wakielekea kazini Industrial Area, wachache wakijinoa kwa mbio kabla jua halijapanda. Matatu hukata kushoto ghafla kwa kuwa abiria mmoja ameinua mkono. Mkokoteni wa mitungi ya maji huibuka upande wa Makadara. Bodaboda huja kwa upande usio wake. Kwa anayepita hapo juu ya tairi nyembamba za milimita 25, breki ni kitu cha kufikiria kabla ya gia na kabla ya rangi ya fremu.

Piga hesabu ya mwendo wa kilomita 30 kwa saa, ambao mtu mwenye baiskeli ya mbio huufikia bila kujikaza. Kila sekunde humaliza mita nane na ushee. Akichelewa sekunde moja kuuona mlango wa matatu ukifunguka, mita nane zimekwenda kabla vidole havijagusa breki. Kuanzia hapo, breki nzuri ya mbele kwenye lami kavu itamsimamisha katika mita saba hivi. Akitegemea ya nyuma peke yake atahitaji karibu mita kumi na nne, kwa sababu kila unapofunga breki uzito wako hukimbilia mbele, gurudumu la nyuma hubaki jepesi na huanza kuteleza. Tofauti ya mita saba inazidi urefu wa matatu ndogo.

Naanza na hesabu hiyo kwa kuwa vijana wengi mitaani wanaojiundia baiskeli ya mbio, kipande baada ya kipande, huanza na mizani. Wanataka kalipa nyepesi, yaani ile mikono ya breki inayobana gurudumu. Hamu yao si mbaya, ila ina ngazi kadhaa za kupanda kabla ya kuifikia, na ngazi ya kwanza ni fremu.

Fremu nyingi za baiskeli za mbio zinazotua mikononi mwetu ni za mitumba: Raleigh za Nottingham, Peugeot za Ufaransa, fremu za alumini za miaka ya 1990 na 2000 zilizokwisha kazi Ulaya. Fremu ndiyo inayoamua breki, wewe huna usemi. Ikiwa haina mahali pa kufungia diski, diski hazitakaa, na kuchomelea vishikizo kwenye uma mwembamba wa mbele ni kuualika uvunjike ukiwa kwenye mteremko. Kwa hiyo wengi wetu tunazungumzia breki za rimu, zile zenye mikono miwili inayobana pande za gurudumu kwa raba.

Kabla hujalipa hata shilingi, chukua rula. Funga gurudumu kwenye fremu, kisha pima kutoka katikati ya tundu la boliti ya breki hadi katikati ya ubavu wa rimu pale raba itakapogusa. Ukipata kati ya milimita 39 na 49, unaweza kutumia kalipa fupi za kawaida, zikiwemo karibu zote nyepesi. Ukipata kati ya 47 na 57 unahitaji zenye mikono mirefu, kama vile Tektro R539. Fremu nyingi za zamani ziko kundi hilo la pili, au hata zaidi. Sababu yake moja inapatikana kwenye tairi: baiskeli za Uingereza za miaka ya 1970 zilikuwa na magurudumu ya inchi 27, ambayo kipenyo chake mahali tairi linapokaa ni milimita 630. Leo tairi zinazopatikana kwa urahisi ni za 700C, zenye kipenyo cha milimita 622. Ukibadilisha gurudumu, rimu inashuka milimita nne kutoka kwenye breki. Kalipa iliyokuwa ikitosha sasa inagusa tairi badala ya rimu, na raba inayosugua ubavu wa tairi huutoboa ndani ya siku chache.

Kuna pia suala la boliti. Kalipa za zamani hufungwa kwa nati ya kawaida nyuma ya uma. Za kisasa hutumia nati ndefu inayozama ndani ya tundu na kukazwa kwa spana ya pembe sita. Mafundi hupanua tundu la nyuma la uma kwa drili ili nati hiyo izame. Kwenye uma wa chuma wenye nyama ya kutosha, kazi hiyo hufanyika na hudumu ikiwa tundu la mbele limeachwa lilivyo. Kwenye uma wa karboni, usikubali drili hata kidogo.

Sasa turudi kwenye mizani. Kalipa za Shimano 105, mbele na nyuma pamoja, zina gramu 380 hivi. Dura-Ace, za daraja la juu la kampuni hiyo hiyo, huzunguka gramu 300. Kuna za kuchongwa kwa mashine kama eebrake za Marekani, ambazo jozi nzima iko chini ya gramu 200. Baina ya 105 na eebrake, basi, ni takriban gramu 200. Mwendeshaji anayepanda kimo cha mita 400 upande wa Ngong, akisukuma kwa nguvu ya wati 200, atafika sekunde nne mapema kwa kupunguza gramu hizo. Chupa moja ya nusu lita ya maji ina uzito unaozidi maradufu. Wanaoshindana chini ya shirikisho la baiskeli duniani, UCI, wana kanuni ya mwaka 2000 inayokataza baiskeli iliyo chini ya kilo 6.8, kwao gramu ya breki ina mahali pake kwenye hesabu nzima. Baiskeli iliyounganishwa Umoja kwa vipuri vya mitumba huwa kilo tisa au kumi, na gramu zake nyingi zimejificha mahali pengine kabisa.

Halafu wepesi wa breki una deni lake. Mkono mwembamba wa kalipa hujipinda ukibanwa kwa nguvu, na nguvu ya vidole vyako huishia kuupinda badala ya kuifikia rimu. Ndiyo maana kalipa fulani za bei nafuu zilizochongwa nyembamba, zenye boliti za titani, huvutika hadi mkono wa breki ukagusa usukani na baiskeli bado inakwenda. Breki ghali za aina hiyo zimetatua tatizo hilo kwa ubunifu mzuri, lakini zile za kuigiza hazikulitatua. Springi zao pia ni laini, na vumbi la Spine Road likiingia kwenye viungo, mkono mmoja hukwama ukiwa umegusa rimu.

Aina ninayoitetea bila kusita ni kalipa yenye maegemeo mawili. Kalipa za zamani, kama za Weinmann au Campagnolo Record ya mwaka 1968, zilikuwa na egemeo moja katikati: mikono yote miwili ilizungukia boliti ile ile. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990 Shimano walieneza mpango ambapo mkono mmoja una egemeo lake pembeni. Nguvu ya kidole ikaongezeka rimuni, na kalipa ikaacha kuhamahama kushoto na kulia. Jozi ya 105 ya mitumba, iliyosafishwa na kutiwa raba mpya, inasimamisha baiskeli vizuri kama kitu chochote ambacho mtu wa kawaida atapata Nairobi, na ndiyo ningeifunga kwenye baiskeli ya mwanangu.

Lakini kalipa ni nusu tu ya breki. Nusu nyingine ni rimu. Hapa ndipo pa kupunguzia gramu.

Baiskeli nyingi za bei nafuu za miaka ya 1970 na 1980 zilikuja na rimu za chuma zilizopakwa kromi. Zinameta, zinavutia, na zikilowa maji ni hatari tupu. Raba juu ya kromi yenye maji haina cha kushika. Utabana, utasubiri, na gurudumu litakamilisha mizunguko kadhaa kabla maji hayajafutika. Zamani Waingereza walitengeneza raba zilizobandikwa ngozi, kama zile za Fibrax, kwa ajili ya tatizo hilo hilo. Black Mamba, ile baiskeli nzito iliyobeba maziwa, makaa na abiria nchini mwetu kwa vizazi, nayo ilikuwa na rimu za chuma na breki za fimbo zilizovuta raba ili zibane rimu kutoka ndani. Walioiendesha wanajua kwamba wakati wa masika mguu ulikuwa msaidizi wa breki. Mpaka leo watoto wa mitaani husimamisha baiskeli kwa kukandamiza kandambili kwenye tairi la nyuma.

Badilisha rimu hizo za chuma, weka za alumini. Kila gurudumu litapungua zaidi ya gramu 200, na gramu hizo zinatoka pembeni kabisa mwa gurudumu, mahali ambapo mguu unazihisi kila unapotoka kwenye taa za barabarani. Papo hapo breki itakuwa bora mara nyingi zaidi kwenye mvua. Sijui badiliko lingine kwenye baiskeli ambalo wepesi na usalama huja kwa pamoja namna hiyo. Mwenye pesa za kununua ama kalipa nyepesi ama magurudumu ya alumini, anunue magurudumu, na asiangalie nyuma.

Magurudumu ya mitumba, hata hivyo, yakaguliwe. Rimu ya alumini huliwa na raba kidogo kidogo. Weka ukingo wa rula kwenye ubavu wake: ukiona umeingia ndani kama bakuli, rimu imekonda, na siku moja upepo wa tairi utaupasua ubavu huo, mara nyingi wakati umefunga breki. Rimu nyingi zina kijistari au kidoti cha kuonyesha kiasi kilichobaki. Kikifutika, gurudumu limekwisha kazi. Rimu za karboni za mitumba naziogopa. Kwenye mteremko mrefu wa barabara ya chini ya Limuru kwenda Mai Mahiu, ile iliyojengwa na mateka wa vita wa Kiitaliano waliojenga pia kanisa dogo la kando ya njia mwaka 1942, malori hukulazimisha kufunga breki kila kona. Joto hupanda, gundi inayoshikanisha karboni hulainika, na mtu hana njia ya kujua mmiliki wa kwanza aliitesa rimu hiyo kiasi gani. Rimu za karboni zinahitaji pia raba zake maalumu. Raba za rimu za alumini zitaziharibu.

Raba zenyewe ndizo kipuri ambacho watu hukibania senti bila sababu. Raba ya kipande kimoja iliyokaa kwenye ghala miaka mingi huwa ngumu, inang'aa, na inapiga kelele bila kusimamisha. Tafuta kalipa au vishikizo vinavyobeba raba ya kuchomeka, ili unapobadilisha ubadilishe raba peke yake. Raba nyekundu-pinki za Kool Stop zina sifa duniani kote kwa kushika kwenye maji, na hazili rimu sana. Zikikosekana madukani, raba za Shimano halisi zinatosha kabisa. Kwa aliye na rimu za chuma na hana uwezo wa kuzibadilisha leo, hizo za pinki ndizo afueni yake ya karibu.

Eastlands ina adui wake wa pekee wa raba, nao ni vumbi na vioo. Barabara za ndani za Kayole, Dandora na Komarock huchanganya lami na udongo. Mvua ikinyesha, tope lenye mchanga hupanda kwenye rimu na kujichimbia ndani ya raba. Punje hizo hukwangua alumini, vijipande vya alumini hunasa kwenye raba, na kuanzia hapo chuma kinasugua chuma. Ukisikia mkwaruzo wa msumeno, usiendelee. Vua gurudumu, tazama uso wa raba kwenye mwanga, chokoa vinavyometa kwa ncha ya kisu, usugue raba kwa msasa mpaka iwe nyeusi isiyong'aa, kisha ufute rimu kwa kitambaa na spiriti. Ni kazi ya dakika kumi na haina gharama. Mafuta ya mnyororo yakidondokea rimu, futa siku hiyo hiyo.

Waya nao haupati heshima unayostahili. Gamba la waya wa breki, ambalo mafundi huliita auta, ndani yake lina chuma kilichozungushwa kama springi. La gia lina nyuzi zilizonyooka kwa urefu. Kwa macho yanafanana, na kwenye kibanda mtu anaweza kukukatia lolote lililobaki. Gamba la gia likivutwa kwa nguvu ya breki hupasuka na nyuzi zake kutawanyika, na hilo hutokea wakati wa kubana kwa nguvu kabisa, yaani wakati wa dharura. Kichwa cha waya pia kina umbo lake: cha baiskeli ya mbio kimechongoka upande mmoja, cha baiskeli ya milimani ni pipa dogo. Si nadra kuona pipa hilo likipigwa tupa ili liingie kwenye mkono wa breki wa baiskeli ya mbio. Ukikubali kichwa cha namna hiyo, umekubali kwamba siku moja kitachomoka. Waya mpya na gamba jipya, lililokatwa sawasawa na kulainishwa ncha zake, hubadilisha kalipa kuukuu kuliko kalipa mpya inavyobadilisha waya kuukuu.

Wapo pia wanaogeuza baiskeli za mitumba zenye usukani wa kunyooka kuwa za mbio, kwa kuweka usukani uliopinda. Nyingi za hizo zina breki za mikono mirefu iliyosimama wima, zinazoitwa V. Breki hizo zinahitaji waya uvutwe kwa urefu zaidi kuliko mikono ya breki ya baiskeli ya mbio inavyoweza. Ukiziunganisha hivyo hivyo, ama raba zitagusa kwa shida, ama utaziweka karibu na rimu mpaka spoku moja ikilegea gurudumu likwame. Dawa yake ni V fupi, zenye mikono ya milimita 80 au 90, au mikono ya breki iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Na kuna jambo ambalo lazima liulizwe kabla ya mtu kuondoka na baiskeli ya mitumba: breki ya mbele iko mkono gani? Baiskeli za Uingereza zina ya mbele mkono wa kulia, na ndivyo tulivyozoea. Zinazotoka Ujerumani, Uholanzi au Marekani huwa nayo mkono wa kushoto. Mtu aliyezoea kubana kushoto kwa nguvu ili apunguze mwendo kwa gurudumu la nyuma, akipanda baiskeli ya Kijerumani atabana la mbele, na atapaa juu ya usukani. Kwetu tunakoendesha upande wa kushoto, ishara ya kukata kulia hutolewa kwa mkono wa kulia, na wakati huo mkono uliobaki usukanini ni wa kushoto. Ni salama zaidi uwe na breki ya nyuma. Kubadilisha nyaya ni kazi ndogo kwa fundi. Ifanywe kabla ya safari ya kwanza.

Sijazisahau diski. Mwaka 2018 UCI iliziruhusu rasmi kwenye mbio za barabarani, na tangu hapo viwanda vikubwa vimeacha karibu kabisa kuunda baiskeli za mbio za gharama zenye breki za rimu. Tadej Pogačar alishinda Tour de France ya mwaka 2020 kwa breki za rimu. Alipotwaa ubingwa wa dunia Kigali, Septemba 2025, breki za rimu zilikuwa zimekwisha kutoweka kwenye mbio kubwa. Kwenye mvua, diski ni bora, hilo halina ubishi. Lakini mapema mwaka 2021 Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kunolewa na David Kinjah kule Kikuyu, alisema hadharani kwamba hajaridhika nazo kikamilifu: zinasugua bila kukoma, zinapata joto, diski zinapinda. Mtu huyo alikuwa ameshashinda Tour mara nne kwa breki za rimu, na alikuwa na timu ya mafundi nyuma yake.

Ukipata baiskeli ya mitumba iliyokuja na diski za mafuta, kuna jambo la kulijua kabla fundi hajafungua kifuniko. Za barabarani za SRAM hutumia mafuta ya DOT, yale yale ya breki za magari, na Kirinyaga Road yamejaa. Za Shimano hutumia mafuta ya madini. Ukimimina DOT kwenye Shimano, mipira ya ndani huvimba na breki nzima hufa. Mafuta ya madini kwenye SRAM nayo huua. Mtaani ningechagua diski zinazovutwa kwa waya, kwa fremu iliyoundwa kwa diski, kwa kuwa fundi yeyote mwenye koleo anaweza kuzirekebisha Jumamosi jioni. Zina uzito zaidi, na uzito huo ninaukubali.

Breki ikishafungwa, ijaribiwe kabla ya kulipa. Bana mkono wa breki kwa nguvu zote ukiwa umesimama: usifike usukanini. Tazama raba zote nne, zikae katikati ya ubavu wa rimu, ncha ya mbele ikigusa kabla ya ya nyuma kwa unene wa kadi ya simu, ndipo zisipige kelele. Zungusha gurudumu na usikilize. Kisha tafuta barabara tulivu ya mtaa, zile za ndani ya Buruburu Jumapili asubuhi zinafaa, uongeze mwendo, usogeze makalio nyuma ya tandiko na ubane ya mbele polepole mpaka uhisi tairi la nyuma likitaka kunyanyuka. Rudia mpaka vidole vijue. Wiki ya kwanza waya mpya hulegea kadiri gamba linavyojikaza mahali pake. Rudi kwa fundi auvute, na umwombe aikaze upya boliti ya kalipa pale nyuma ya uma.